Neno la siri la kompyuta ya nyumbani: tuliondoe au tuliache?



Juma hili tunajibu swali lililotufikia kutoka vikundi zaidi ya kimoja, na karibu kwa maneno yaleyale: kompyuta iko nyumbani, tunaitumia sisi na watoto wetu, kwa nini kila ikiwashwa ituombe neno la siri, lile tunaloita modepasi? Je, tunaweza kuliondoa?

Jibu fupi ni ndiyo. Linaondoka, na si lazima kumlipa fundi. Lakini kabla ya kuliondoa, tuangalie kwanza linalinda nini, maana ndani ya kompyuta nyingi za nyumbani mwetu hamna mambo ya nyumba peke yake. Mna pia mambo ya kikundi.

Usumbufu wenyewe tunauelewa. Umeme ukikatika mara tatu kwa jioni moja, na betri ya mashine imezeeka, ni mara tatu mama anaitwa kutoka jikoni, mikono ina unga wa bugali, aje aandike neno ili mtoto aendelee na kazi ya shule. Wengine wamechoka hata wameandika neno hilo kwenye kikaratasi na kukibandika pembeni ya kioo. Neno linalosomwa na kila anayepita sebuleni si siri tena. Hapo mmebaki na usumbufu bila ulinzi.

Kwanza, hakikisheni tatizo ni neno lenyewe

Mara nyingi mashine inakataa neno lililo sahihi kwa sababu ya klavie. Klavie zetu nyingi ni za Kifaransa: tarakimu za mstari wa juu hazitoki bila kushikilia kitufe cha herufi kubwa. Na mashine ikizimika ghafla, inaweza kuwaka tena huku tarakimu za upande wa kuume zimefungwa. Finyeni "Verr Num" kuzifungua. Angalieni pia kama "Verr Maj" imeachwa wazi, kwa kuwa kwa neno la siri herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Pembeni ya mahali pa kuandika kuna alama ndogo ya jicho: mkiifinya mtaona mlichoandika.

Na ikiwa neno linaombwa mapema sana, kwenye kioo cheusi kabla alama ya Windows haijatokea, hilo ni neno jingine lililowekwa ndani ya mashine yenyewe. Njia tunazozieleza hapa haziligusi. Hilo mpelekeeni fundi mnayemwamini.

Neno hilo linalinda nini?

Hebu kila mmoja wetu ajiulize: mtu akikaa mbele ya kompyuta yangu iliyo wazi kwa dakika kumi, ataona nini?

Kwa wengi ataona daftari la AVEC au la likelemba: nani ameweka kiasi gani, nani amekopa, nani amechelewa kulipa. Ataona picha za kadi za kupiga kura na za buletini za watoto. Ataona barua pepe, kwa sababu programu ya intaneti inakumbuka maneno ya siri na kufungua yenyewe. Na kama WhatsApp ya simu imeunganishwa na kompyuta, atasoma ujumbe wetu bila kuigusa simu.

Deni la mama mmoja likijulikana kwa jirani, mama huyo haji tena kwenye mkutano. Likijulikana kwa shemeji, linaweza kuleta ugomvi ndani ya nyumba. Si lazima awepo mwizi. Inatosha awepo mgeni mwenye macho, au mtoto wa darasa la pili anayefuta faili akidhani ni mchezo. Akiba ya kikundi inasimama juu ya imani, na imani ikishavunjika haitengenezwi na fundi wa kompyuta.

Kuna jambo zito zaidi. Baadhi ya vikundi vyetu vinasindikiza wamama na wasichana walioumizwa, na sekreteri wao anaandika majina na mambo waliyoyapitia. Kwa kompyuta ya namna hiyo jibu letu halina mazungumzo: neno la siri lisiondolewe. Na ikiwezekana, majina hayo yasikae kabisa kwenye mashine inayotumiwa na familia.

Njia tunayoipendekeza: milango miwili

Nyumba zetu zina sebule na zina chumba cha kulala. Mgeni anaingia sebuleni bila ufunguo, lakini chumba kina mlango wake. Kompyuta nayo inaweza kupangwa hivyo. Badala ya kuondoa neno la mama, ongezeni mlango wa pili wa watoto, usio na neno lolote.

Fanyeni hivi, mkiwa ndani ya mlango wa mama:

1. Fungueni "Paramètres", kisha "Comptes", kisha "Autres utilisateurs". Kwenye Windows 10 sehemu hiyo inaitwa "Famille et autres utilisateurs".

2. Chagueni kuongeza mtu mwingine. Mashine ikiomba anwani ya barua pepe, finyeni "Je ne dispose pas des informations de connexion de cette personne", kisha "Ajouter un utilisateur sans compte Microsoft".

3. Andikeni jina, kwa mfano "Watoto". Sehemu za neno la siri ziacheni tupu. Finyeni "Suivant".

Basi. Siku nyingine kompyuta ikiwaka, majina yataonekana chini upande wa kushoto. Mtoto atafinya "Watoto" na kuingia bila kumwita mtu. Mama atafinya jina lake na kuandika neno lake.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, mlango wa watoto ubaki wa aina inayoitwa "Utilisateur standard", ambayo ndiyo mashine huweka yenyewe. Mkiwapa watoto cheo cha "Administrateur", wanaweza kufungua chumba cha mama. La pili, faili za kikundi zikae ndani ya "Documents" ya mlango wa mama. Zikiachwa kwenye sehemu ya wote inayoitwa "Public", au kwenye flashi iliyosahauliwa ikiwa imechomekwa, mlango hautasaidia kitu.

Na anayetaka kuliondoa kabisa?

Kuna nyumba ambazo kompyuta haina siri yoyote: ya kutazama filamu, ya kuandikia kazi za shule, haitoki nje, haina faili za kikundi. Hapo kuliondoa si kosa.

Ikiwa mnaingia kwa jina tu, bila barua pepe, nendeni "Paramètres", "Comptes", "Options de connexion", kisha "Mot de passe", kisha "Modifier". Andikeni neno la sasa. Mahali pa neno jipya paacheni patupu, mwendelee hadi "Terminer". Kama mlikuwa mmeweka pia namba ya siri, ile inayoitwa "code PIN", nayo iondolewe hapohapo kwenye "Options de connexion".

Ikiwa mnaingia kwa barua pepe, neno hilo ni la barua pepe yenyewe na haliwezi kuwa tupu. Shikilieni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andikeni netplwiz, finyeni "OK". Chagueni jina lenu, kisha ondoeni alama kwenye mstari unaosema "Les utilisateurs doivent entrer un nom d'utilisateur et un mot de passe pour utiliser cet ordinateur". Finyeni "Appliquer", andikeni neno lenu mara mbili, na "OK". Msipouona mstari huo, rudini kwenye "Options de connexion" mkazime sehemu inayoruhusu kuingia kwa "Windows Hello" peke yake, halafu mjaribu tena.

Mfahamu tofauti ya njia hizi mbili. Ya kwanza inafuta neno. Ya pili haifuti. Mashine inalihifadhi na kujiandikia yenyewe kila ikiwaka. Kwa hiyo msilisahau neno hilo, mtalihitaji siku ya kufungua barua pepe kwenye simu au mashine nyingine.

Kama kompyuta inaendelea kuuliza ikiamka baada ya kulala, tazameni tena "Options de connexion", kwenye swali la wakati wa kuomba neno mtu anaporudi, mkachague "Jamais".

Mlango wa kompyuta si sanduku la chuma

Tuseme ukweli wote. Neno la kuwashia linamzuia mgeni, mtoto na jirani. Halimzuii mtu aliyeondoka na mashine. Akitoa diski na kuiweka kwenye kompyuta nyingine, anaweza kusoma faili zote, isipokuwa kama diski ilikuwa imefungwa kwa njia ya usimbaji. Sisi ambao tunajua maana ya kukimbia nyumba usiku na kuacha vitu nyuma, hilo tusilichukulie kirahisi.

Kwa hiyo daftari la akiba lipewe neno lake lenyewe. Kwenye Excel, fungueni "Fichier", "Informations", "Protéger le classeur", kisha "Chiffrer avec mot de passe". Hata kompyuta ikiwa wazi, hata ikiibiwa, daftari linabaki limefungwa. Lakini neno hilo likipotea, faili haifunguki tena, na Microsoft haiwezi kuwarudishia. Basi walijue watu wawili: sekreteri na mtunza sanduku. Na daftari la karatasi lisitupwe.

Kuhusu WhatsApp, fungueni kwenye simu orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta msiyoitambua, au ya nyumba ya fotokopi mliyoitumia zamani, iondoeni.

Tuzungumze nyumbani

Mtoto asipoelezwa, atadhani neno la siri ni adhabu, na atatafuta namna ya kulipata. Mwambieni wazi: "Hizi ni pesa za wamama wa kikundi, si zangu. Nimepewa nizitunze." Mtoto anayeelewa kitu cha watu hukiheshimu. Baba wa nyumba naye aelezwe vilevile, ili asione kwamba anafichwa mambo ya nyumba yake. Kinachofungwa ni mambo ya wamama wengine, waliotuamini.

Kazi ya juma hili: sekreteri wa kila kikundi akae mbele ya kompyuta yake na kujibu swali la dakika kumi. Atakachokuta alete kwenye mkutano, pamoja tuamue ni mlango upi ubaki wazi na upi ufungwe. Wale wasiozoea mashine wasione haya kumwomba binti au mwenzao awashike mkono. Hatua tatu za mlango wa watoto hazimalizi hata muda wa kuchemsha chai.

Tunawatakia juma jema. Tuonane kwenye mkutano.