Figo za Kwale na Kijikaratasi cha Kwenye Boksi

Nimekuwa kimya majuma matatu, wasomaji wangu, na safari hii sisingizii umeme wala mtandao. Nilikuwa na hasira, na nimeshajifunza kutoandika nikiwa na hasira. Sasa zimepoa kidogo. Hazijaisha, kwa hiyo mtanivumilia.

Kisa ni hiki. Binamu yangu wa Gazi, kijana wa miaka 27, alipata kazi ya hoteli kule Diani. Akatakiwa kupima afya kwanza. Akaenda kliniki moja, akatolewa damu, na karatasi ya majibu ikarudi na mstari mmoja wenye herufi H pembeni, yaani kipimo kimepanda: kreatinini 121. Mwajiri hakutaka maelezo. Akamwambia aende akatibiwe figo, akipona arudi. Nafasi alipewa mtu mwingine. Kijana akakaa usiku akihesabu siku zake za kuishi, mpaka daktari mmoja alipomtazama mwili na kumuuliza kazi yake. Huyu ni mtu anayevuta nyavu tangu ana miaka 15 na kubeba mawe ya ujenzi bahari ikichafuka. Kreatinini hutokana na misuli. Mwenye misuli mingi huwa nayo nyingi. Figo zake hazina neno.

Mwaka huo huo shangazi yangu wa Msambweni, miaka 68, mwembamba kama ukuti, alikwenda kliniki ile ile akilalamika kuvimba miguu. Kreatinini 90. Hakuna H, hakuna nyota, hakuna kitu. "Mama, figo zako ni za kawaida," akaambiwa, akarudi nyumbani na dawa za maumivu, ambazo nyingi zake ndizo hasa huumiza figo. Miezi mitano baadaye daktari mwingine akampima mkojo, akakuta protini tele.

Mzima akanyimwa kazi, mgonjwa akapewa hongera.

Sasa aibu yangu. Programu iliyochapa karatasi zote mbili niliiandika mimi.

Ilikuwa kazi ndogo, ya wiki mbili: kusajili mgonjwa, kuingiza majibu, kuchapa. Nilipofika kwenye viwango vya kawaida nilimuuliza kijana wa maabara niweke namba gani. Akafungua boksi la dawa ya kupimia, akatoa kile kijikaratasi kilichokunjwa mara nane, akanionyesha kwa kidole. Wanaume 62 hadi 115, wanawake 53 hadi 97, kwa mikromoli kwa lita. Nikazigongomelea ndani ya programu, nikalipwa, nikavuka feri Likoni nikifurahi. Sikuuliza namba zimetoka kwa watu gani, wa umri gani, waliopimwa kwa njia gani. Mimi ambaye humgombeza kila mwanafunzi anayeandika namba ndani ya kodi bila kueleza imetoka wapi!

Tuelewane kwanza "kawaida" ni nini, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Unachukua watu wazima wa afya, unawapima, unapanga majibu kutoka dogo hadi kubwa, unakata asilimia 2.5 chini na asilimia 2.5 juu. Kilichobaki katikati ndicho "kawaida". Maana yake ni kwamba mtu mmoja kati ya 20 walio wazima kabisa atachapiwa alama, kwa jinsi hesabu ilivyotengenezwa. Ukimpima mtu huyo mzima vipimo 20 visivyohusiana, uwezekano wa kupata angalau alama moja ni kama asilimia 64. Chukueni kikokotoo, 0.95 mara yenyewe mara 20, kisha toeni kwenye moja. Hoteli inayotaka karatasi isiyo na alama hata moja inataka bahati, haitafuti afya.

Halafu swali linalofuata ndilo langu la leo: wale watu wazima waliopangwa kutoka dogo hadi kubwa walikuwa akina nani?

Jambo hili si geni Kenya. Mwaka 2008 zilichapishwa namba za Kericho, mwaka 2011 za Magharibi mwa Kenya, na mwaka 2020 watu wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, wakatoa zao. Ulio maarufu zaidi ni utafiti wa mwaka 2009 uliochukua watu wazima 2,105 kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, na mojawapo ya vituo vyake ilikuwa Kilifi, Pwani yetu hii hii. Walipowapima watu wale wenye afya kwa jedwali la Marekani linalotumika kwenye majaribio ya chanjo, zaidi ya theluthi walionekana wana kasoro fulani ya damu. Watu wazima! Kubwa zaidi ilikuwa kwenye bilirubini na chembe nyeupe, si kwenye figo, na nasema hivyo ili nisije nikaambiwa nimepaka chumvi. Lakini somo ni lile lile: jedwali la kuazima humtia mtu ugonjwa asiokuwa nao.

Kwa hiyo namba zipo, tena bure, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma. Miaka yote hii imepita na kijikaratasi bado ndicho kinachotawala. Kwa nini? Kwa sababu watu kama mimi tumekiweka ndani ya kompyuta, na kitu kikishachapwa na kompyuta hakuna anayekiuliza tena.

Kwenye figo kuna tundu la pili, na hili linatisha zaidi. Siku hizi maabara haziishii kwenye kreatinini, zinaiingiza kwenye fomula pamoja na umri na jinsia ili kukisia figo zinachuja kiasi gani kwa dakika. Chini ya 60, kwa zaidi ya miezi mitatu, unahesabiwa una ugonjwa sugu wa figo. Fomula iliyotumika sana ilitoka Marekani mwaka 2009, inaitwa CKD-EPI, na ndani yake mlikuwa na mstari unaosema: kama mgonjwa ni mtu mweusi, zidisha kwa 1.159. Nyingine kabla yake ilizidisha kwa 1.212. Ndiyo, mmesoma sawasawa. Rangi ya ngozi kama kigezo ndani ya programu. Mwaka 2021 Wamarekani wenyewe wakautoa mstari huo na kuandika fomula mpya.

Nilikaa usiku nikaingiza damu ya shangazi katika zote. Kreatinini 90, mwanamke, miaka 68. Fomula ya 2009 na kizidisho cha weusi: 66. Fomula hiyo hiyo bila kizidisho: 57. Fomula ya 2021: 60 kamili, ukingoni kabisa. Damu moja, mkono mmoja, asubuhi moja. Kwa programu moja ni mzima, kwa nyingine ni mgonjwa, kwa ya tatu ni sarafu iliyosimama wima. Na karatasi haikuandika fomula ipi.

Kama mnadhani ni mchezo wa desimali, mwaka 2022 ulichapishwa katika jarida la Lancet Global Health utafiti uliofanywa Malawi, Uganda na Afrika Kusini. Walipima uchujaji wenyewe kwa kuingiza dawa mwilini na kufuatilia inavyotoka, kwa watu zaidi ya 2,500. Wakakuta fomula za kreatinini zinatukadiria juu kuliko hali halisi, na kwamba ugonjwa wa figo huenda ni mara mbili hadi tatu ya tunavyodhani. Sababu mojawapo ni rahisi kuielewa kwa aliyemwona shangazi yangu: mwili mkonde hutoa kreatinini kidogo, basi hata figo zikichoka namba hubaki nzuri.

Najua mtakalosema. Kwamba mtu wa Kwale hana figo za aina yake. Kweli kabisa, wala sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba namba inategemea misuli, nyama mtu aliyokula jana, na njia ya kupimia. Njia ya zamani ya Jaffe, ya mwaka 1886, bado iko kwenye maabara nyingi kwa sababu ni rahisi kwa bei, na inahesabu vitu vingine vya damu kana kwamba ni kreatinini. Kijikaratasi cha boksi moja hakiendi na boksi la jirani.

Mtasema pia hakuna pesa. Hapo nakataa. Kuunda viwango vipya kunahitaji watu wasiopungua 120 kwa kila kundi, na wanaume na wanawake ni makundi mawili. Sawa, hiyo ni kazi. Lakini kukagua kama viwango vya kuazima vinakufaa kunahitaji watu 20. Ishirini tu! Ndio mwongozo wa CLSI, taasisi ya viwango vya maabara ya Marekani: wasizidi wawili nje ya mipaka, basi vitumie, wakizidi, rudia na 20 wengine. Watu 20 ni matatu moja na nusu ya Ukunda. Na kiwango cha ISO 15189 kinaitaka maabara iandike msingi wa mipaka yake na kuwajulisha wanaoitumia.

Kinachohitaji akili ni kuchagua hao 20. Usiwachukue wagonjwa wako ukawafanyia wastani, nimeona pendekezo hilo na ni baya mno. Kwale ina kichocho cha mkojo, kinachoumiza kibofu na hatimaye figo, na watafiti wamekifuata Msambweni tangu miaka ya 1980. Kuna presha, kuna sukari, kuna vidonge vya maumivu vinavyouzwa dukani kama pipi. Ukiwaingiza wote hao, utapata "kawaida ya Kwale" ambayo ni ugonjwa uliopewa cheti. Kwanza mkojo, presha na sukari, ndipo damu. Tena wilaya hii haina uhaba wa daftari la kuchagulia watu: Chuo Kikuu cha Nagasaki na KEMRI waliendesha mradi wa kuhesabu kaya na kufuatilia afya Kwale. Samahani, si wilaya tena, ni kaunti, mazoea.

Na ile mipaka ya 60 msiiguse kwa kisingizio cha wenyeji. Hiyo haikutoka kwa wazima waliopangwa mstari, ni mpaka wa uamuzi wa tiba. Waandishi wa programu tunaiweka kwenye jedwali moja na viwango vya kawaida kana kwamba ni ndugu. Mimi niliiweka.

Basi nimerudi kliniki nikiwa na kompyuta yangu begani na sikudai malipo. Kila kipimo sasa kina safu ya kipimio, njia, fomula na mwaka wake, na chanzo cha mipaka. Chanzo kikiwa tupu programu haichapi H, inachapa "mipaka haijathibitishwa". Mwenye kliniki hakufurahi, anasema wagonjwa watadhani maabara yake ni ya kubahatisha. Nikamwambia ndivyo ilivyo, tukabishana mpaka chai ikapoa. Amekubali watu 20, baada ya Ramadhani. Binamu yangu ameshajiandikisha wa kwanza. Nimemkatalia: siku moja kabla alikuwa amebeba mawe.