"MWAMKO MDOGO" NI NENO LA KUJIFICHIA (Sehemu ya 4)

Leo nagusa penye kidonda, na najua kuna watakaonuna. Haya, nuneni, ila someni mpaka mwisho.

Kuna maneno mawili nimeyachoka: "mwamko mdogo". Watoto watoro? Wazazi wana mwamko mdogo. Darasa la saba wamefeli? Mwamko mdogo. Binti haonekani tangu likizo? Mwamko mdogo. Na anayesemwa ni yule yule kila siku: mfugaji wa Endulen au Nainokanoka, kibarua wa vitunguu kule Mang'ola, Mdatoga wa kando ya Ziwa Eyasi. Mzazi wa Karatu mjini hatajwi kabisa.

Mi ni nesi. Haya maneno nayafahamu vizuri kwa sababu hata sisi wa afya tunayo. "Akina mama wana mwamko mdogo wa kujifungulia kituoni." Jamani, mama yuko bomani, uchungu umemshika usiku, gari hakuna, njiani kuna nyati na fisi. Mwamko utambeba mgongoni? Lakini palipo na nyumba ya kusubiria kujifungua, wanakuja mapema na wanasubiri. Kliniki ya mkoba ikifika, wanaleta watoto wachanjwe, wengine wametembea tangu alfajiri. Ni akina mama wale wale waliosemwa hawajaamka.

Sasa turudi shuleni.

Umbali kwanza. Agosti 2021, kule Ngorongoro, watoto watatu waliuawa na simba. Walikuwa wametoka shule, wakaenda kutafuta mifugo iliyopotea. Wazazi wao walikuwa wamewapeleka shule, na kazi ya nyumbani ilikuwa inawangoja vile vile. Anayetaka kuwahubiria wazazi wa huko umuhimu wa elimu aanze kwa kujibu: mtoto wa miaka saba apite wapi?

Pili, chakula. Ada ya shule za serikali ilifutwa, sawa, tunashukuru. Ila mtoto lazima ale mchana, na chakula hicho wazazi ndio wanaochangia. Mkulima wa Rhotia anachota mahindi kwenye ghala lake. Ndani ya hifadhi ya Ngorongoro kilimo kilipigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992, kikazuiwa tena 2009. Kwa hiyo baba wa kule anauza mbuzi kwanza ndipo anunue mahindi. Debe ni lile lile kwenye daftari la mwalimu, ila maumivu yake hayafanani. Ukame ukipita na mifugo ikifa, atauza nini?

Tatu, majengo. Sehemu nyingine wazazi wakichoka kusubiri wanafyatua tofali, wanapandisha darasa. Ndani ya hifadhi ujenzi unahitaji kibali. Na tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihamia Msomera, Handeni. Wanaobaki wanajiuliza kama shule yao itakuwepo mwakani. Mtu wa namna hiyo ukimwambia hana mwamko, unamtukana.

Nije mjini sasa. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilikataza bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne bila kibali maalumu, ili wakae na wazazi wao. Mnadhani marufuku ile iliwalenga wafugaji wa Nayobi? Iligusa zaidi watu kama sisi, wenye mshahara, tunaopakia mtoto wa miaka mitano na godoro lake kwenye basi la shule halafu tunajiita wazazi tunaojali elimu. Huyo mtoto akikojoa kitandani kila usiku kwa kukosa mama, hakuna anayeandika kwamba mzazi wake ana mwamko mdogo. Ada imelipwa, basi.

Mzazi wa mjini akisomesha anatoa hela. Mfugaji akisomesha anatoa hela na mchungaji siku hiyo hiyo. Nani ametoa zaidi?

Msinielewe vibaya, simtetei kila mzazi. Kuna baba anayemwambia binti aandike majibu ya ovyo mtihani wa darasa la saba ili asifaulu, kwa sababu ng'ombe wa mahari wameshahesabiwa. Wapo, kijijini na mjini. Hilo ni kosa, na liitwe kosa. Tangu 2016 sheria inasema anayemuoa mwanafunzi au kumpa mimba ni miaka 30 jela. Tukimfunika baba huyo kwa neno "mwamko" tunamfichia uovu wake katikati ya wazazi wenzake wasio na hatia. Semina haimtoshi huyu, apelekwe polisi. Na binti aliyejifungua arudi darasani. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa, na bado nakutana na akina mama kliniki ambao hakuna aliyewaambia.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kikao kijacho cha shule, akisimama mtu na "mwamko mdogo" yake, muulizeni kwa heshima, maswali manne tu:

1. Kutoka boma la mbali zaidi hadi shule ni kilomita ngapi?
2. Mtoto anakula nini mchana?
3. Akishindwa kurudi nyumbani, analala wapi na analindwa na nani?
4. Msichana akiwa hedhini, choo kina maji na mlango?

Akijibu yote manne na watoto bado hawaji, hapo mi mwenyewe nitakaa naye tuongee habari za mwamko.

Kesho sehemu ya 5: hedhi na utoro. Akina baba, hiyo inawahusu pia, msikimbie.