Data mpya haihamishi mlima

Wadau, ninao jamaa zangu wanaorusha ndege kwenye kompyuta nyumbani. Kila baada ya siku 28, kwa kalenda ileile ya marubani wa kweli, wanapakua data mpya za njia na viwanja, halafu wanatamba. Siwapingi, maana masafa ya redio na njia za angani hubadilika. Ila jamani, tusidanganyane!

Juzi nikiwa Karatu nilipanga safari ya kwenye kompyuta, kutoka kiwanja cha Ziwa Manyara hadi Seronera. Programu ikachora mstari mnyoofu unaokatiza kreta ya Ngorongoro. Kiwanja kiko kwenye mita 1,260 hivi, ukingo wa kreta mita 2,300 hivi. Nilichelewa kupanda, nikaishia msituni. Na data ilikuwa ya mwezi huohuo!

Kwenye ukingo huohuo ndiko alikozikwa Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege. Alifariki Januari 10, 1959, ndege yake ilipogongana na tumbusi. Tumbusi hayumo kwenye data yoyote.

Pakueni tu, lakini someni ardhi kwanza. Au mwasemaje?