Nurmi Alinyimwa Haki Yake

NYAYO ZA WIKI
Na Mwinyi Shekilango

Julai 10, 1924, katika Olimpiki ya Paris, Paavo Nurmi wa Finland alishinda mita 1,500, akapumzika muda usiofika saa moja, akarudi uwanjani na kushinda mita 5,000. Siku mbili baadaye alitwaa mbio za nyika katika joto kali lililowaangusha wenzake. Kati ya wanariadha 38 walioanza, ni 15 tu waliomaliza. Alikusanya dhahabu tano katika michezo hiyo, tisa katika Olimpiki zake zote, na rekodi za dunia 22 zilizotambuliwa rasmi.

Lakini linaloniuma mimi ni la mwaka 1932.

Nurmi alifiwa na baba yake, fundi seremala wa Turku, mwaka 1910. Akiwa na miaka 12 tu aliacha shule, akawa kijana wa kutumwa katika duka la mikate, akisukuma mkokoteni kwenye vilima vya mji ule. Mtoto aliyeanza kutafutia familia yake riziki katika umri huo ndiye aliyekuja kuambiwa na wakubwa wa riadha kwamba kulipwa kwa ajili ya mbio ni aibu.

Mwaka 1925 alizunguka Marekani, na watu wakafurika Madison Square Garden kumtazama. Tiketi ziliuzwa kwa sababu yake. Kanuni za ridhaa zilimruhusu nauli, malazi na posho kidogo, basi. Aprili 1932, shirikisho la riadha la kimataifa, chini ya Msweden Sigfrid Edström, lilimsimamisha kwa madai kwamba alipokea posho kupita kiasi katika mashindano ya Ujerumani. Nurmi alikuwa anajiandaa kwa marathoni ya Olimpiki, mbio alizotaka kumalizia nazo. Juni alishinda majaribio ya Viipuri, akasafiri hadi Los Angeles, na huko huko akafungiwa mlango siku chache kabla ya michezo. Juan Carlos Zabala wa Argentina alishinda kwa saa 2:31:36, Nurmi akiwa nje.

Sisemi hakuchukua fedha. Nasema hata kama alichukua, lilikuwa jasho lake. Kanuni ile ilimfaa mwenye urithi wa kumlisha huku akikimbia. Mtoto wa seremala ilimtaka akimbie kwa njaa ilhali mapato ya mlangoni yanahesabiwa na wengine. Ni kanuni hiyo hiyo waliyoikuta wakimbiaji Kipchoge Keino wa Kenya na Filbert Bayi wa Tanzania miaka mingi baadaye.

Finland haikukubali. Ilimwacha aendelee kukimbia nyumbani, na mwaka 1933 akawa bingwa wa taifa wa mita 1,500. Olimpiki ilipofika Helsinki mwaka 1952, Wafini walimkabidhi mwenge Nurmi, akiwa na miaka 55, auingize uwanjani. Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka huo alikuwa Sigfrid Edström.