Kurudia Mtihani Si Kurudia Kosa

Wahenga walinena kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii yafaa kuzingatiwa na kila anayewaandaa wanafunzi wa ualimu wanaorudia mtihani wa Kiswahili nchini Kenya, kwa maana ni rahisi kuurudia mtihani kwa njia ile ile iliyomwangusha mtu.

Chukulia mwanafunzi wa ualimu atokaye Balambala, katika Kaunti ya Garissa, kando ya Mto Tana. Amelelewa kwa Kisomali. Kiswahili amekutana nacho darasani. Hata hivyo, hawezi kukikwepa. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi, na mwaka 2021 stashahada ya ualimu ilipoanza kuchukua nafasi ya cheti cha P1, Kiswahili kilibaki miongoni mwa masomo yake.

Akianguka, jambo jepesi ni kumkabidhi mitihani ya miaka iliyopita akariri majibu. Maandalizi ya aina hiyo hayaulizi alianguka wapi, wala kwa nini. Mtahiniwa hupata matokeo tu. Karatasi aliyoiandika hairudishiwi mkononi mwake. Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni kumpa insha mpya, kuisahihisha pamoja naye, na kuyapanga makosa yake kwa aina.

Hapo ndipo sababu hudhihirika. Akiandika “baka” badala ya “paka”, au “saidi” badala ya “zaidi”, si uzembe: Kisomali hakina sauti za p na z. Akiandika “kitabu mzuri”, ni kwa kuwa nomino za Kisomali zina jinsia mbili tu, ya kiume na ya kike, ilhali Kiswahili kinamdai upatanisho wa ngeli nyingi.

Lakini lugha hiyo hiyo ni hazina. Mwalimu anayetajwa kwa Kisomali huitwa macallinka. Wakiwa wengi, huitwa macallimiinta. Kiambishi cha kiume -ka kimeiachia nafasi -ta ya kike. Basi mwanafunzi huyu anajua tayari kwamba nomino ikiingia katika wingi huweza kubadili upatanisho wake. Kutoka hapo hadi “kitabu kizuri” na “vitabu vizuri” si safari ndefu, mradi apate wa kumwonyesha njia. Hata neno lenyewe, mtihani, analo kwao: imtixaan, kutoka chimbuko lile lile la Kiarabu.

Huenda ikasemwa kwamba mtihani ni mmoja kwa wote, na kwamba kumhurumia mmoja ni kushusha kiwango. Hoja hiyo haina mashiko. Hakuna anayeomba alama za bure. Kinachodaiwa ni maandalizi yanayolingana na upungufu wa mwanafunzi.

Jambo hili si dogo. Baada ya walimu kuuawa katika shambulio la basi huko Mandera mwaka 2014, na wengine watatu huko Kamuthe, Garissa, mwezi wa Januari 2020, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka Kaskazini Mashariki. Madarasa yaliyoachwa yanamtegemea zaidi mwalimu mwenyeji. Akikata tamaa kwa sababu ya somo moja, hasara haimfiki yeye pekee. Humfika pia mtoto anayemngoja darasani.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni vina wajibu hapa. Isimu linganishi isiishie katika tasnifu za maktabani. Kijitabu chepesi cha marudio, kinacholinganisha sauti na sarufi za Kisomali na Kiswahili, kingeweza kuandikwa na wanafunzi wenyewe chini ya uongozi wa wahadhiri wao.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ila mhunzi mwenye busara, kabla ya kufua koleo jingine, hutazama lile la kwanza lilivunjikia wapi.