Historia si kukopia

Leo nitasema maneno magumu kidogo. Sitaki kutukana mtu. Mimi mwenyewe nimo ndani ya kosa.

Kwa miaka mingi nimefundisha historia sawa vile nilivyofundishwa. Mwalimu anasoma daftari lake, wanafunzi wanaandika. Siku ya egzameni wanarudisha yale yale, mwalimu anahesabu pointi, mambo yameisha. Siku moja nilikuwa nikieleza mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière: tarehe 9 Desemba 1941, hapa Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, askari waliwapiga risasi wafanyakazi waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wakidai mshahara uongezwe. Léonard Mpoyo, aliyesema kwa niaba yao, akauawa. Msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, kambo wangu anasema wafu walikuwa wengi kuliko wale wa daftari yako. Nani anasema kweli?" Nikamjibu: "Andika kwanza." Jibu lile linaniuma mpaka leo.

Maana swali lake njo historia yenyewe. Hesabu za wafu wa siku ile hazipatani: maandishi mengine yanataja makumi, mengine yanapita mia moja. Mwalimu anayesoma hesabu moja tu na kufunga daftari anamficha mtoto ugomvi wenyewe. Ni nani aliyehesabu? Alikuwa mtumishi wa nani? Alikuwa na faida gani kupunguza au kuongeza?

Wenzangu watasema: "Programu ni ndefu, egzameni ya Serikali inakaribia, na arshivi hatuna." Programu ni ndefu, kweli. Lakini kusema hatuna ushahidi, hapana! Katika nyumba za Kenya, Katuba na Kamalondo kuna masanduku chini ya vitanda. Ndani yake mna vitabu vya kazi, picha za ndoa, barua, karatasi za mshahara, karte za ubatizo. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili chetu cha Katanga habari ya mji huu, kwa upande wa watu waliokuwa maboyi wa wazungu. Mwanachuo Johannes Fabian akaichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tangu mwaka 2000 walimu wa Chuo Kikuu chetu, katika kazi iliyoitwa Mémoires de Lubumbashi, walikusanya kumbukumbu na vyombo vya watu wa kawaida. Wageni na wanachuo wameona mali, na sisi wenye kalasi tunalia umasikini.

Kazi yenyewe haidai franka nyingi. Kila mwanafunzi alete kitu kimoja cha zamani, au aandike maneno ya mzee mmoja kwa ruhusa yake. Akikiweka mezani, ajibu maswali matano. Nani alikitengeneza? Lini? Kwa ajili ya nani? Aliona kwa macho yake, au alisikia kwa mwingine? Amenyamaza juu ya nini? Kisha atafute ushahidi wa pili, aulinganishe na wa kwanza. Mwalimu asimpe jibu. Amzuie tu asikimbilie jibu. Masomo mawili kwa muhula yanatosha kuanza.

Sasa neno kwa wazee, na mnisamehe. Katika kitabu chetu hiki mara nyingi tunaandika "wazee wanasema", kama vile maneno hayo yanafunga shauri. Hayafungi. Kambo wa msichana yule alizaliwa nyuma ya 1941. Alisikia kwa baba yake. Maneno yake ni ya thamani, lakini si ya shahidi wa macho, na mtoto afundishwe kuona tofauti. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wetu aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia ya nchi katika miaka ya 1970, na mauaji ya wafanyakazi yamo. Picha ile haituonyeshi uwanja kama ulivyokuwa. Inatuonyesha jinsi watu wa Katanga walivyoukumbuka miaka thelathini baadaye. Huo pia ni ushahidi, lakini wa jambo lingine.

Tena, hii si akili ya Bulaya. Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa shanga na michoro wa kukumbusha habari za wafalme. Haukusomwa na kila mtu. Watu wa Mbudye walifundishwa kuusoma, na msomaji aliueleza kufuatana na watu waliomsikiliza. Mababu wetu walijua kwamba kumbukumbu inadai msomaji mwenye akili. Sisi wenye diploma tumewafanya watoto kuwa wakopiaji.

Wakati huo huo karatasi zinapotea. Mzee akifa, sanduku linafunguliwa, na barua zake zinakwenda sokoni kufungia kalanga. Kwa hiyo naomba chama chetu jambo moja: kila mwaka tutoe kurasa chache za kitabu hiki kwa kazi za wanafunzi waliochunguza wenyewe, pamoja na majina ya wale waliowaonyesha makaratasi, kama wanakubali.

Na wewe mwenzangu, siku mtoto atakapokuuliza nani anasema kweli, usimwambie aandike kwanza. Funga daftari, umwambie: "Twende tukatafute."