Mtihani wa Kiingereza na Uanzie kwa Mkuu wa Shule

Imekuwa ada katika nchi yetu, kila yatokapo matokeo ya kidato cha nne na ikadhihirika tena kwamba vijana wengi wamejibu maswali ya historia na baiolojia kwa sentensi zisizofahamika, kuwalaumu kwanza vijana wenyewe, kisha walimu wao. Na lawama ikiisha kuwapitia hao wawili hukoma hapo, isipande ngazi hata moja zaidi. Mkuu wa shule, ambaye ndiye mwenye madaraka ya kuamua nani afundishe nini, na ambaye azimio la kazi na andalio la somo havina nguvu bila ya sahihi yake, aghalabu haulizwi kama Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya masomo hayo, yeye mwenyewe anakijua kwa kadiri gani. Naona aulizwe, tena aulizwe kwa mtihani, na awe wa kwanza kuulizwa.

Jambo hili si geni duniani. Katika jimbo la Massachusetts, huko Marekani, sheria iliyoanza kutumika mwaka 1998 iliwataka walimu na wasimamizi wa elimu pia wafaulu mtihani wa kusoma na kuandika Kiingereza. Mwaka 2003, katika mji wa Lawrence, ambao wakazi wake wengi asili yao ni nchi zinazosema Kihispania, ikajulikana kwamba mkurugenzi wa shule za mji ule, Wilfredo Laboy, aliyekulia katika Kihispania, alikuwa ameanguka katika mtihani huo mara tatu, ilhali walimu 24 waliokuwa chini yake alikwisha kuwapeleka likizo bila ya mshahara kwa kushindwa kuthibitisha Kiingereza chao. Yeye alibaki katika cheo chake, akapewa muda wa kurudia. Kuanguka kwake mimi sikuoni kuwa aibu, kwani lugha ya ugenini ina taabu zake. Kinachochoma moyo ni kwamba hasara iligawanywa kwa vyeo, mdogo akapoteza riziki na mkubwa akapata muhula. Hata hivyo sheria ile nitaisifu kwa jambo moja, nalo ni kumfikia mkubwa, maana lau isingalimfikia, walimu wale wangaliadhibiwa na mtu ambaye hakuna aliyejua kipimo chake.

Kwetu Tanzania hakuna sheria ya kumfikia mkubwa. Tazama darasa la kidato cha pili siku ya ukaguzi. Mkuu wa shule amekaa dawati la nyuma na daftari lake. Mwalimu anajaza ubao kwa Kiingereza kuanzia kona hii hadi ile, na watoto wananakili, wengine herufi kwa herufi. Mwalimu anauliza swali kwa Kiingereza, darasa linanyamaza; analirudia kwa sauti ya chini kwa Kiswahili, na mikono inainuka kila upande. Mkuu anaandika nini katika daftari lile? Akiandika kwamba somo limefundishwa vema, amekosea. Akiandika kwamba mwalimu amevunja agizo la lugha, amemdhulumu mtu aliyewaokoa watoto. Kuujua ukweli wa darasa lile kwahitaji mtu awezaye kusoma kilichoandikwa ubaoni na kutambua kilichopotoka, seuze kumwonyesha mwalimu njia ya kukinyoosha. Kadhi asiyesikia lugha ya mashahidi hawezi kuhukumu kwa insafu, hata akiwa mcha Mungu namna gani. Na katika baadhi ya shule hizo hizo, mtoto aliyeponyokwa na neno la Kiswahili uwanjani huvishwa kibao shingoni au huchapwa, kwa amri ya ofisi ambayo haijapata kupimwa.

Nasema haya hali ya kuwa ni mpenzi wa Kiswahili, tena ningalipenda elimu yetu yote ifuate rai ya Tume ya Makwetta, iliyoshauri mwaka 1982 kwamba kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia Januari 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu, wakaona kwamba Kiingereza cha walio wengi katika sekondari hakitoshi kujifunzia. Hata hivyo lugha ile ikaendelea. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikafungua mlango wa Kiswahili, lakini madarasa hayakuingia. Maadamu dola imeamua kumtwisha mtoto wa miaka 14 mzigo huo, haina hujja ya kumsamehe mtu mzima anayelipwa kwa kumsimamia.

Wako watakaosema kwamba mkuu wa shule huzungumza na wazazi kwa Kiswahili, huandikiana na halmashauri kwa Kiswahili, na kwamba uaminifu wa fedha na busara ya kupatanisha watu ni bora kuliko sarufi. Ni kweli tupu, na kwa sababu hiyo mwalimu mkuu wa shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili asiguswe kabisa. Wa sekondari naye asipewe karatasi ya kuchagua herufi: asikilize somo aandike taarifa yake, asahihishe insha ya historia ya kidato cha tatu, basi. Atakayeshindwa asivuliwe cheo wala asikatwe mshahara. Apelekwe Bagamoyo, kwa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, asomeshwe kwa gharama ya serikali iliyoitaka lugha hiyo, na mwalimu wake wa kawaida asitendewe kinyume cha hivyo.

Na wakianguka wengi, kama ninavyochelea, matokeo yasifichwe. Wizara iyachapishe na kuyaweka mbele ya wabunge pamoja na ile taarifa ya Tume ya Makwetta ya 1982, ili watakaosema tena kwamba Kiingereza kibaki waseme hali wanajua ni mikono ya nani iliyokabidhiwa kazi hiyo.